To Kill a Mockingbird kwa darasa la nane: wiki saba, wanafunzi 26, tisa wanazungumza Kiswahili nyumbani

mwl_msaidizi

Shikamooni walimu wakongwe, na wengine habari za kazi.

Kuanzia Januari nitashirikiana na mwalimu wa Kiingereza kufundisha riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird, kwa darasa la nane katika shule ya serikali hapa Kentucky. Wanafunzi ni 26, umri miaka 13 na 14. Tisa kati yao wanatoka familia za Kikongo na nyumbani wanazungumza Kiswahili; wanne wa hao hawajafikisha miaka miwili Marekani. Tuna wiki saba, vipindi vitano kwa wiki, kila kipindi dakika 45. Nakala za kitabu zinatosha na tunacho pia kitabu cha kusikiliza.

Naomba msaada kwa haya: tusome vyote au turuke, na kama ni kuruka, turuke wapi? Lile neno la N, tusi zito la Kiingereza kwa watu weusi, tulishughulikieje darasani? Kesi ya kitabuni, ambamo Tom Robinson, mtu mweusi, anasingiziwa na Mayella Ewell, mwanamke mweupe, ni ya ubakaji, je, watoto wa umri huu wanaelezwa vipi? Na hawa wanne ambao Kiingereza chao bado kinakua, wafanyeje na kitabu ambacho hata wazaliwa wa hapa wanalalamika kuwa kigumu?

---

KalamuNyekundu

Marahaba, mwalimu. Anza na hesabu, fasihi itafuata.

Riwaya ina sura 31 na maneno yanayokaribia laki moja. Mtoto anayesoma maneno 150 kwa dakika atahitaji saa 11 hivi. Anayesoma maneno 80, na wageni wenu wengi watakuwa hapo, atahitaji karibu saa 21. Vipindi 35 vya dakika 45 ni saa 26 na robo. Mkisema mtasoma kila ukurasa darasani, muda wa kuzungumza utakuwa umeliwa wote. Mkisema wasome nyumbani, wiki ya tatu nusu ya darasa watakuwa wanasoma muhtasari kwenye intaneti na kuwadanganya.

Kwa hiyo gawa sura katika mafungu matatu. Za kusoma kwa sauti pamoja darasani: 1 (nusu ya pili), 3, 9 (mwanzo), 12, 15, 17 hadi 21, 23, kurasa chache za 26, kisha 30 na 31. Za kusikiliza wakifuata kitabuni, darasani au nyumbani: 2, 4 hadi 8, 10, 11, 16, 22, 24, 25, 28, 29. Za wewe kusimulia kwa dakika tano: 13, 14 na 27. Katika 14 usiruke pale Scout, msichana anayesimulia, anapomuuliza baba yake Atticus, wakili anayemtetea Tom, maana ya ubakaji. Kitabu cha kusikiliza kilichosomwa na Sissy Spacek kina saa 12 hivi, na lafudhi yake ya kusini inawasaidia watoto kusikia maneno ambayo kwenye karatasi yanaonekana kama makosa ya tahajia.

Sura ya kwanza ndiyo inayoua kitabu hiki darasani. Inafunguka na mkono wa Jem, kaka yake Scout, uliovunjika, halafu ghafla inazama kwenye historia ya ukoo wa Finch, babu aliyevuka bahari, shamba kando ya mto. Mtoto wa miaka 13 anafunga kitabu. Someni aya ya kwanza, simulia ukoo kwa sentensi tatu, kisha ingia moja kwa moja pale msimulizi anapoueleza mji wa Maycomb, Alabama, na joto lake, hadi mwisho wa sura ambapo Jem anakimbia kugusa nyumba ya akina Radley. Ukoo mtaurudia baadaye, shangazi Alexandra atakapokuja na majivuno yake.

Historia ya utangulizi isizidi vipindi vitatu. Kosa utakalolikuta, tena kwa wazaliwa wa hapa kuliko wageni, ni kudhani Tom Robinson ni mtumwa. Hadithi inaanza kiangazi cha 1933 na kuishia Oktoba 1935. Utumwa ulifutwa 1865. Chora mstari ubaoni wa miaka hiyo 70 na uwaulize: kama si utumwa, ni nini kinachomfanya Tom asiweze kumwambia mwanamke mweupe kwamba anamwongopea? Hapo ndipo unaingiza sheria za Jim Crow: shule mbili, milango miwili, roshani ya mahakama kwa watu weusi. Kwenye mstari huohuo weka 1954, Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataza kutenganisha shule kwa rangi. 1955, mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama. Na 1960, mwaka kitabu kilipochapishwa. Watoto waone kwamba mwandishi anaandika juu ya miaka ya thelathini wakati Alabama ya siku zake mwenyewe inawaka moto.

Halafu Scottsboro. Machi 1931 vijana tisa weusi walikamatwa kwenye treni ya mizigo Alabama, wakashitakiwa kuwabaka wanawake wawili weupe, na baada ya siku chache za mahakama wanane wakahukumiwa kifo. Kesi zilifika Mahakama Kuu mara mbili. Mwaka 1932 ikasema washitakiwa hawakupewa mawakili ipasavyo. Aprili 1935 ikasema kuwaondoa watu weusi kwa makusudi kwenye jopo la mahakama, yaani raia wanaoamua hatia, ni kinyume cha katiba. Sasa linganisha: kesi ya Tom inasikilizwa kiangazi cha mwaka huohuo 1935, miezi michache baada ya uamuzi huo, katika jimbo hilohilo, na jopo lake lote ni wanaume weupe. Swali la kuwaachia: sheria ikishabadilika kule Washington, nani anaibadilisha Maycomb?

Hapa kuna jambo dogo ambalo familia za kwetu huchanganya. Mtoto aliyesikia habari za mahakama za Tanzania anaweza kudhani jopo ni kama wazee wa baraza, ambao humshauri jaji naye akaamua. Jopo la Marekani ndilo linaloamua hatia. Jaji Taylor anaweza kuona wazi kwamba Tom hana kosa na bado asiweze kumwokoa. Usipolisema hili mapema, sura ya 21 itawapita.

Sasa kesi, sura ya 17 hadi 21. Iache ichukue wiki nzima na vipindi viwili juu yake. Kila mwanafunzi awe na karatasi ya ushahidi yenye safu tatu: shahidi amesema nini, nini kinaweza kuthibitishwa, jopo linaombwa kuamini nini bila uthibitisho. Vitu vinavyopaswa kuonekana kwenye safu ya kati ni vichache na ni vya mwili kabisa. Mayella aliumia upande wa kulia wa uso. Shingoni alikuwa na alama za vidole pande zote, maana yake mikono miwili. Baba yake, Bob Ewell, anaombwa kuandika jina lake mbele ya mahakama na anaandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom ulinaswa kwenye mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa mtoto, ni mfupi kwa inchi 12 kuliko wa kulia na hauna nguvu. Na hakuna aliyemwita daktari.

Watakapokosea ni kwenye kulia na kushoto. Sherifu Heck Tate mwenyewe anakosea: anasema jicho la kushoto, Atticus anamuuliza ni la kushoto kwa anayemtazama au la kushoto lake Mayella, ndipo anajisahihisha kwamba ni la kulia. Wape karatasi wachore uso unaowatazama, waandike "kulia" na "kushoto" kwa mtazamo wa mwenye uso. Anayerusha ngumi ya kushoto akiwa ana kwa ana na mtu humpiga upande gani? Dakika kumi za kuchora zinaokoa kipindi kizima cha mabishano. Wachore tu. Msiwasimamishe watoto waigize kipigo.

Wakishamaliza karatasi hiyo, kila mtu darasani ataona Tom hana hatia. Hapo ndipo somo linaanza, maana walimu wengi huishia hapo wakamsifu Atticus. Rudi sura ya 19, Tom anapoulizwa na mwendesha mashitaka kwa nini alimfanyia Mayella kazi bila malipo, naye akajibu kwamba alimhurumia. Ukumbi unabadilika. Waulize kwa nini. Kisha waonyeshe ngazi ambayo Jem anaijenga sura ya 23: watu kama wao juu, chini yao akina Cunningham wa mashambani, chini akina Ewell wanaoishi jalalani, na chini kabisa watu weusi. Huruma huteremka ngazi, haipandi. Mtu wa ngazi ya chini kabisa kumhurumia mwanamke mweupe, hata wa jalalani, ni kuipindua ngazi nzima, na jopo lilichokuwa linalinda ni ngazi hiyo. Watoto wengi huandika kwamba jopo lilikuwa la wajinga wasioelewa ushahidi. Waliuelewa. Walichukua saa kadhaa kurudi na uamuzi, na sura ya 23 inatuambia kuna mmoja wao, ndugu wa akina Cunningham, aliyetaka Tom aachiwe. Ujinga ungewachukua dakika tano.

---

Mama_Maktaba

Kalamu amefafanua vizuri, ila nitapinga kidogo. Kwa darasa la nane nisingeanza na kitabu hiki peke yake, na kama ningekuwa na uhuru wa kuchagua ningekipeleka darasa la tisa.

Tom Robinson anazungumza kwa kirefu katika sura moja tu. Mke wake, Helen, karibu hatumsikii. Calpurnia, mpishi mweusi wa akina Finch, yupo kila ukurasa wa jikoni lakini hatujui anafikiri nini akirudi kwake usiku. Ubaguzi wote tunauona kwa macho ya binti wa wakili mweupe. Mwanafunzi mweusi anayesoma hapo anapewa nafasi mbili: kuhurumiwa au kuokolewa, tena kuokolewa kwenyewe kunashindikana. Hii ndiyo hoja iliyotolewa na baadhi ya walimu wa Mukilteo, jimbo la Washington, ambako bodi ya shule mwaka 2022 ilikiondoa kwenye orodha ya lazima ya darasa la tisa, bila kumkataza mwalimu anayetaka kukitumia. Biloxi, Mississippi, mwaka 2017, ilikuwa habari nyingine: kilitolewa kwenye somo la darasa la nane kwa sababu lugha yake iliwaudhi watu. Msizichanganye hizo mbili mkiulizwa na wazazi.

Pendekezo langu ni kukiunganisha na Roll of Thunder, Hear My Cry ya Mildred D. Taylor, iliyotoka 1976 na kupata nishani ya Newbery 1977. Hadithi yake iko Mississippi, 1933, mwaka uleule hadithi ya Scout inapoanza. Msimulizi ni Cassie Logan, msichana mweusi wa miaka tisa, na familia yake ina ardhi yao wenyewe: ekari 200 zilizonunuliwa 1887, na nyingine 200 mwaka 1918. Sura ni 12 tu. Kama hamna nafasi ya kitabu kizima, chukueni sura ya kwanza pekee, vipindi viwili. Humo watoto weusi wanagawiwa vitabu vya shule vilivyochakaa, na ndani ya jalada kuna jedwali la nani alikipewa, mwaka gani, kikiwa na hali gani. Kwa miaka mingi ni watoto weupe, kuanzia kikiwa kipya. Kinapofika hali mbaya kabisa, ndipo kinapewa mtoto mweusi. Mdogo wake Cassie, asiyefika hata miaka saba, anakisoma na kukikanyaga.

Jedwali hilo linafanya kazi ambayo hotuba ya mwalimu juu ya Jim Crow haiwezi kuifanya. Wape nakala, usiseme neno, uliza tu: mnaona nini kwenye safu ya mwisho? Liwekeni wiki ya kwanza, kabla ya Maycomb, ili sauti ya kwanza ya mtoto wa kusini watakayoisikia isiwe ya Scout.

Kuhusu neno la N. Amueni kabla ya siku ya kwanza, walimu wote wawili mseme jambo moja. Utaratibu unaofanya kazi: halisomwi kwa sauti na yeyote, mwalimu akiwemo, mnapofika hapo mnanyamaza kidogo na kuendelea. Kwenye kuandika, mwanafunzi akinukuu anaweka N na vistari. Msiulize darasa lipige kura juu ya hilo, maana mtawalazimisha watoto weusi watetee heshima yao mbele ya wenzao. Wala msimwombe mtoto mweusi aeleze linavyomuuma. Jihadharini na kitabu cha kusikiliza: msomaji hulitamka kama lilivyo. Sura za mafungu ya kusikiliza zikaguliwe kwanza, na zile zinazojaa neno hilo, hasa ya 9, msome wenyewe.

Na msisahau kwamba kitabu kinatumia pia majina mengine ya zamani kwa watu weusi, ambayo enzi hizo yalikuwa ya adabu na leo hayatumiki. Mtoto mgeni hawezi kujua lipi ni tusi, lipi ni la kizamani, lipi ni la kawaida. Mchoreeni jedwali: neno, nani alilitumia 1935, leo linasemwa au halisemwi.

---

BukavuMpakaHuku

Mimi nitajibu upande wa hao watoto tisa.

Kwanza neno lenyewe, *prejudice*. Wataliandika kwa Kiswahili "ubaguzi", na hapo nusu ya kitabu inapotea. Ubaguzi ni tendo: unamnyima mtu kiti, shule, haki. Neno la Kiingereza linaanzia kabla ya tendo, kichwani. Waambieni ni kumhukumu mtu kabla ya kumjua. Ndipo Boo Radley, jirani wa akina Finch asiyetoka nje, anapopata nafasi yake: mji mzima umemhukumu bila kumwona, watoto wanasema anakula kindi wabichi, lakini hakuna sheria inayomfunga kwa ajili ya uvumi huo. Kwa Tom, hukumu ya kichwani imeshikana mkono na sheria, bunduki na jopo. Vipande viwili vya kitabu, sura 1 hadi 11 na 12 hadi 31, vinaanza kuzungumza. Bila tofauti hii mtoto anauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini tulipoteza wiki tatu kwa jirani asiyetoka nje.

Neno la N: msilitafsiri. Ukiliandika "mtu mweusi" umeondoa sumu yote, na mtoto atashangaa watu wanalalamikia nini. Ukitafuta tusi la Kiswahili la kulingana nalo, umemfundisha tusi jipya. Mweleze kwa maneno: ni neno lililotumika kumwambia mtu kwamba si mtu. Na mwambie wazi kwamba kulisikia kwenye muziki hakumpi ruhusa. Watoto wa Kikongo hujikuta kwenye shida hapa kwa sababu wao pia ni weusi, wanadhani wako ndani, kisha mwenzao mzaliwa wa hapa anawashangaa. Mazungumzo hayo yafanyike pembeni kabla ya sura ya 9, kwa Kiswahili, si mbele ya darasa.

Msimulizi. Anayesimulia ni Scout mtu mzima anayejikumbuka akiwa na miaka sita hadi tisa. Ndiyo maana matukio ni ya kitoto na sentensi ni ndefu zenye maneno mazito. Mgeni akikutana na neno gumu hudhani tatizo ni lake. Mpe rangi mbili: apigie mstari wa kijani anachokiona mtoto, wa bluu anachokijua mtu mzima. Fanyeni ukurasa mmoja tu pamoja, sura ya 26 inafaa: mwalimu Gates anawafundisha kwamba Hitler anawatesa Wayahudi na kwamba Marekani haina mambo hayo, na Scout anakumbuka alivyomsikia mwalimu huyohuyo, siku ya kesi, akisema watu weusi wapewe fundisho. Kejeli ya namna hii haijitokezi yenyewe kwa anayejifunza lugha. Ukiacha aitafute peke yake ataandika kwamba Bi Gates ni mwalimu mzuri.

Msamiati: maneno manane kwa wiki, basi. Msiwape orodha ya arobaini. Na maneno ya lahaja ya kusini wayaelewe tu, wasiyahifadhi, maana hawatayatumia kokote.

Hazina yenu kwa watoto hawa ni sura ya 12. Kalamu ameiweka ya kusomwa kwa sauti. Mimi nasema ipewe vipindi vitatu. Calpurnia anawapeleka Scout na Jem kanisani kwake, First Purchase, lililonunuliwa kwa mapato ya kwanza ya watumwa waliopata uhuru. Hakuna vitabu vya nyimbo, kwa sababu wanaojua kusoma ni kama wanne tu. Zeebo anasoma mstari, kusanyiko linaupokea na kuuimba. Wamarekani darasani watashangaa. Watoto wenu watasema hivyo ndivyo tunavyoimba, na kwa mara ya kwanza wao ndio watakaokuwa wataalamu. Kisha Scout anaona kwamba Calpurnia ana lugha mbili: moja ya nyumbani kwa Finch, nyingine ya kanisani. Anapomuuliza kwa nini, Calpurnia anasema kuongea kizungu mbele ya watu wake kungekuwa kujidai, na watu hawapendi mtu anayejionyesha kuwazidi ujuzi. Mtoto anayezungumza Kibembe na bibi yake, Kiswahili na mama na Kiingereza na mwalimu anaijua hesabu hiyo kuliko profesa. Kazi ya kuandika: ukurasa mmoja, Calpurnia anachagua lugha kwa nani, lini, na anapata au kupoteza nini. Wasilazimishwe kuandika juu ya nyumbani kwao. Anayetaka atajileta mwenyewe.

Sura hiyohiyo kuna Lula, anayekataa watoto weupe waje kanisani. Kuna mwanafunzi atasema "ona, na wao wanabagua". Usimkaripie. Muulize: Lula anakataa, kisha nini kinatokea? Watoto wanaingia, wanakaa, wanakaribishwa. Mtu mweusi aliyekuja kutazama kesi akitaka kuketi chini na weupe badala ya roshani, nini kinatokea?

Kidogo kuhusu ule ushauri maarufu wa Atticus wa sura ya 3, wa kuingia ndani ya ngozi ya mtu na kutembea nayo. Kwa Kiswahili inasikika kama habari za uchawi, na watacheka. Semeni "jiweke mahali pake" kisha mwendelee. Lakini msitoe zoezi la "andika kana kwamba wewe ni Tom". Kwa mtoto aliyekimbia vita si zoezi, na kwa asiyekimbia linamfanya adhani amejua.

Ubakaji. Scout anamuuliza baba yake maana yake, sura ya 14, naye anampa jibu la kisheria, kavu, bila kumdanganya. Fanyeni hivyohivyo: sentensi moja, kumlazimisha mtu tendo la ndoa bila ridhaa yake, ni kosa la jinai. Mkiishia hapo, kuna hatari mbili. Ya kwanza ni darasa kuondoka na imani kwamba wanawake wanaodai kubakwa husema uongo. Rudini kwenye karatasi ya ushahidi: Mayella amepigwa kweli, na aliyempiga yuko mahakamani, na kuna mstari kwenye ushuhuda wa Tom unaodokeza kwamba baba anamtendea mabaya zaidi ya kipigo. Ni mwathirika anayesema uongo juu ya mwingine kwa kumwogopa aliyemwathiri. Hatari ya pili ni kwamba katika wale tisa kuna ambao familia zao zimetoka mashariki ya Kongo na habari hizi haziko kitabuni tu. Mnasihi wa shule ajulishwe tarehe za sura ya 17 hadi 19, na wanafunzi wote, si hao tu, wapewe kadi ya kuweka mezani inayomaanisha "natoka dakika tano", bila kuulizwa.

Wazazi waandikieni wiki mbili kabla, kwa Kiswahili. Barua fupi. Mfano:

"Wazazi wapendwa, kuanzia mwezi ujao darasa la nane litasoma riwaya ya Kimarekani inayosimulia kesi ya mtu mweusi aliyeshitakiwa kwa uongo katika jimbo la Alabama, mwaka 1935. Kitabu kina tusi zito dhidi ya watu weusi. Darasani halitasomwa kwa sauti. Kesi inahusu shitaka la ubakaji. Hakuna maelezo ya tendo lenyewe. Tunasoma ili watoto waelewe jinsi chuki inavyoweza kushinda ushahidi. Kama kuna jambo katika maisha ya mtoto wako ambalo tungefaa kulijua kabla, au ungependa asome kitabu kingine, tupigie au njoo shuleni. Mwalimu anayezungumza Kiswahili atakuwepo."

Msitumie programu ya kutafsiri kwa barua hii. Neno la N huweza kutoka huko na sura ya ajabu.

---

mwl_msaidizi

Asanteni sana, sikutegemea msaada wa kina hivi. Sura ya 12 tulikuwa tumepanga kuiruka!

Mawili ya mwisho. Mwenzangu anataka kuwagawa wanafunzi kwa rangi ya macho siku moja ili "wahisi" ubaguzi, na pia kuigiza mahakama. Na filamu, tuionyeshe lini?

---

Mama_Maktaba

Rangi ya macho, hapana. Kuna watoto darasani kwenu ambao hawahitaji siku ya kuhisi, na waliobaki watakumbuka mchezo badala ya kitabu. Wazazi wakipiga simu mkuu wa shule hatakuwa na la kuwatetea.

Kuigiza mahakama, inategemea. Wasiwepo wa kucheza Tom, Mayella wala Bob Ewell. Wafanye kazi ya rufani: vikundi vya wanne, kila kimoja kiandike hoja moja ya ukurasa mmoja kwa mahakama ya juu, kikitumia karatasi ya ushahidi na ule uamuzi wa Aprili 1935 kuhusu jopo. Atticus mwenyewe alikuwa anategemea rufani. Hakuna anayelazimika kuvaa sura ya mtu.

---

KalamuNyekundu

Filamu ni ya 1962, nyeusi na nyeupe, dakika 129. Mkiionyesha yote mmepoteza vipindi vitatu. Chukueni sehemu ya mahakama tu, baada ya kumaliza sura ya 21, kamwe si kabla, ama sivyo sura ya Gregory Peck, anayemwigiza Atticus, itakaa kichwani mwao na hakuna atakayemhoji Atticus tena. Kisha swali moja: kuna nini kitabuni ambacho filamu imekiacha? Ibada ya First Purchase haimo. Wale watoto tisa watakuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Na karatasi ya ushahidi ichapisheni upande mmoja tu. Nyuma ndipo watakapochora ule uso.